Kingo za Majani Zinapoungua: Kisa cha Tuta Moja la Nyanya na Pilipili Hoho

Tuta lenyewe lina urefu wa mita 6 na upana wa mita 1.2. Liko wazi, linapigwa na jua tangu asubuhi hadi alasiri. Lina mistari miwili, mmoja wa nyanya 12 na mwingine wa pilipili hoho 12, na kati ya mche na mche kuna sentimita 50. Miche ilikuzwa kwenye trei chini ya paa la plastiki angavu kwa wiki 6, kisha ikatolewa na kupandikizwa yote siku moja, mchana, bila kuzoeshwa jua la nje.

Siku ya 11 baada ya kupandikiza, pilipili 2 zilikuwa zimekufa. Nyingine 6 zilikuwa na majani ya chini yaliyokauka kingo, na nyanya 6 vilevile, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Kila mche ulikuwa na mabaka meupe kwenye majani ya juu, na mingine ilinyauka saa sita mchana ilhali udongo ulikuwa umelowa. Mwenye bustani alihitimisha kwamba ni bakajani, ugonjwa wa ukungu wa majani, kwa sababu bakajani ya mapema huanzia majani ya chini. Akanyunyizia dawa ya ukungu mara mbili na kuongeza maji hadi karibu nusu lita kwa kila shimo, kila jioni. Hali ikazidi kuwa mbaya.

Kosa halikuwa uzembe. Alifanya vitu viwili ambavyo wengi wetu huvikimbilia: dawa na maji. Tatizo ni kwamba alitibu kabla ya kulisoma tuta, na tuta hili lilikuwa na madhara matatu tofauti yaliyopandana. Kila moja lilikuwa na tarehe yake.

Ramani kwanza, jani baadaye

Hatua ya kwanza ni kuchora tuta kwenye karatasi, kisanduku kimoja kwa kila mche, na kuandika alama: 0 kwa mche mzima, 1 kwa ulioguswa kidogo, 2 kwa ulioungua zaidi ya nusu ya majani ya chini, 3 kwa uliokufa. Kazi hii huchukua dakika kumi, na katika kisa hiki ndiyo iliyotoa nusu ya jibu.

Alama za kingo zilizoungua zote ziliangukia mashimo ya 1 hadi 8, katika mistari yote miwili. Kuanzia shimo la 9 hadi la 12 hapakuwa na ukingo hata mmoja uliokauka. Mpaka kati ya shimo la 8 na la 9 ulikuwa umenyooka kama umepigwa kamba. Ugonjwa haufuati kamba. Ukungu huanza sehemu moja na kusambaa kwa mabaka, ukiruka huku na kule kufuata upepo, matone ya maji na unyevu. Wadudu huanzia pembeni au kwenye mche mmoja dhaifu. Dalili zikikata tuta kwa mstari ulionyooka, tafuta mkono wa mtu: nini kilifanyika upande huu ambacho hakikufanyika upande ule?

Jibu lilipatikana kwa swali moja tu. Samadi ya kuku iliwekwa mashimo ya 1 hadi 8, viganja viwili kila shimo, ikafunikwa kwa udongo wa sentimita 2 hivi, na mche ukakalishwa juu yake. Samadi iliishia hapo. Mashimo manne ya mwisho ya kila mstari yalipata mboji ya zamani. Samadi ilikuwa mbichi, imetoka bandani siku chache kabla.

Kuna jambo jingine ambalo ni rahisi kulipita. Mashimo yenye mboji yalikuwa na magugu yanayochipua, vijani viwili viwili vya mbegu, kila mahali. Mashimo yenye samadi yalikuwa matupu kabisa, hata gugu moja halikuota. Udongo uliomwagiliwa kila siku kwa siku 11 bila kuotesha gugu lolote unasema wazi kwamba kuna kitu ndani yake kinachoziumiza mbegu zinapojaribu kuchipua.

Majani mawili, vifo viwili

Baada ya ramani, yalichumwa majani mawili kutoka mche mmoja wa pilipili, shimo la 5: moja la juu, moja la chini.

La juu lilikuwa na mabaka meupe ya kijivu katikati ya jani, kati ya mishipa, upande ule tu ulioelekea jua. Ukiligusa, baka ni jembamba kama karatasi ya shashi, na mahali jani la jirani lilipolifunika limebaki kijani. Huku ni kuungua kwa jua. Jani lililokulia chini ya plastiki lina ngozi nyembamba na halijajiandaa kwa mwanga mkali. Ukilitoa nje ghafla, tishu hufa ndani ya siku moja hadi tatu. Mabaka haya yalikuwepo kwenye miche yote 24, ya samadi na ya mboji, na mwenye bustani alikumbuka kuyaona siku ya pili. Hayaenei. Hayaponi pia, lakini majani yanayozaliwa nje huja yakiwa na ngozi ya kutosha. Kwa hiyo kwenye mashimo ya 9 hadi 12 hapakuwa na cha kutibu.

Jani la chini lilikufa kwa namna nyingine kabisa. Ukingo wote, kuanzia ncha, ulikuwa kahawia na mkavu kiasi cha kuvunjika kwa kidole. Ndani ya ukingo huo kulikuwa na uzi mwembamba wa njano, kisha jani lililobaki lilikuwa kijani kizito kuliko kawaida. Mpaka kati ya kilichokufa na kilicho hai ulikuwa mkali. Hiyo ndiyo sura ya chumvi. Maji hupanda kutoka mizizini, hufika jani, huvukia. Chumvi iliyoyeyuka ndani yake haivukii. Inasukumwa hadi mwisho wa njia, yaani ncha na kingo, na inajilundika hapo. Jani la chini ndilo lililopitisha maji kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo ndilo linaloungua kwanza. Kingo hizi zilianza kuonekana siku ya 6.

Kwa nini isiwe bakajani? Bakajani ya mapema kwenye nyanya hutoa madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara, yamezungukwa na njano, na hukaa popote kwenye bapa la jani. Haichori ukingo wote kwa usawa. Zaidi ya hayo, nyanya na pilipili zilianza siku moja, kwa sura moja. Mazao mawili yakiugua pamoja namna hiyo, uwezekano wa kwanza ni kitu kilicho kwenye udongo, maji au hewa.

Upungufu wa potasiamu nao hukausha kingo za majani makuukuu, na mara nyingi hulaumiwa. Lakini huja polepole, kwa wiki kadhaa, na njano hutangulia. Siku 6 ni chache mno. Upungufu wa naitrojeni hufifisha jani zima la chini kwa usawa, wala hauachi kijani kizito. Na yale majani mawili madogo ya njano chini kabisa ya shina yalikuwa majani ya mbegu, ambayo kazi yake imekwisha. Hayo yaacheni yaanguke.

Kuthibitisha

Sura ya jani inaelekeza, haitoshi kuhukumu. Vipimo vilivyofanyika havihitaji maabara.

Kunyauka kulipimwa alfajiri. Mche ulionyauka saa sita lakini umesimama wima alfajiri unalalamikia joto tu. Mche ambao alfajiri bado umelegea, na udongo umelowa, mizizi yake haivuti maji. Pilipili 3 zilikuwa bado zimelegea alfajiri. Moja ya hizo, shimo la 4, ilikatwa kipande cha sentimita 5 kutoka tawi la chini, juu kidogo ya udongo, kikaning'inizwa kwenye glasi ya maji safi bila kutikiswa. Kama ni mnyauko bakteria, ndani ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa hushuka kutoka kwenye mkato. Dakika 15 zilipita na maji yalibaki angavu. Shina halikuwa limebana wala kuoza usawa wa udongo, kwa hiyo si kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina la mche. Majani yalipopigwapigwa juu ya karatasi nyeupe hakuna kitone kilichotembea, kwa hiyo si utitiri.

Kisha mizizi. Mche wa nyanya wa shimo la 3 uling'olewa kwa sepeto ndogo, kwa kuchimba duara la sentimita 15 kutoka shinani na kuinua bonge lote, kamwe si kwa kuvuta shina. Nusu ya juu ya bonge ilikuwa na mizizi myeupe yenye vinyweleo. Nusu ya chini, iliyogusa samadi, ilikuwa kahawia, imesinyaa, haina kinyweleo hata kimoja. Ilikuwa mikavu na ya kukatika, haikuwa na harufu ya kuoza, na ilipovutwa taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, ganda halikuachia. Hapo ndipo kuungua kunapotofautiana na kuoza: mzizi uliooza kwa kukosa hewa huachia ganda lake kama soksi na kubakisha uzi mwembamba katikati.

Na kweli, mizizi ya ile pilipili ya shimo la 4 iliachia ganda. Shimo hilo liko mahali tuta limebonyea, na nusu lita ya kila jioni ilikuwa inatuama pale. Hayo ndiyo madhara ya tatu, nayo yaliletwa na tiba.

Kwa harufu, udongo wa shimo la 6 uliwekwa kwenye chupa yenye kifuniko, nusu ya ujazo, ukiwa na unyevu wa kushikamana tu, ukafungwa na kuachwa mahali penye joto usiku mmoja. Asubuhi, kifuniko kilipofunguliwa, harufu kali ya amonia ilichoma pua. Udongo wa shimo la 11 ulinukia udongo. Samadi ya kuku hubeba naitrojeni nyingi katika hali inayogeuka haraka kuwa amonia, na amonia huua vinyweleo vya mizizi kabla chumvi haijafika hata jani moja. Kwa hiyo mche ulipata pigo mara mbili: chini kwa gesi, juu kwa chumvi.

Aliye na kipima chumvi cha maji anaweza kupima hivi: kikombe 1 cha udongo, vikombe 2 vya maji ya mvua, koroga, acha dakika 30, pima maji ya juu. Namba yenyewe isilinganishwe na majedwali ya maabara, ambayo hutumia udongo uliolowanishwa hadi kuwa uji mzito na hutoa usomaji mkubwa zaidi. Kinachofaa ni kulinganisha upande na upande. Hapa upande wa samadi ulisoma zaidi ya mara nne ya upande wa mboji.

Majedwali hayo yana faida moja kubwa katika kisa hiki, hata hivyo. Kiwango cha chumvi ambacho mavuno huanza kushuka ni 2.5 dS/m (desisimensi kwa mita, kipimo cha chumvi) kwa nyanya, 1.5 kwa pilipili hoho na 1.0 tu kwa maharage. Ndiyo maana, kwa samadi ileile na viganja vilevile, pilipili zote 8 ziliumia na 2 zikafa, ilhali nyanya 6 kati ya 8 ziliungua kingo na 2 ziliguswa ncha tu. Ingekuwa ukungu, mpangilio huo usingekuwa na sababu.

Maharage, kwa kuwa ndiyo dhaifu zaidi, ndiyo shahidi mzuri zaidi. Vikopo vitatu vilijazwa: udongo wa mashimo ya samadi, udongo wa mashimo ya mboji, na udongo safi wa kitalu. Kila kimoja kilipandwa mbegu 4. Kipimo hiki hufaa pia kuondoa shaka ya dawa ya magugu iliyojificha kwenye samadi au matandazo: maharage yaliyoathiriwa na dawa hiyo huota, lakini majani yake ya kwanza hujikunja kama kikombe na kupindapinda. Kwenye tuta hili majani machanga yalikuwa madogo ila yamenyooka, hivyo shaka hiyo ilikuwa ndogo tangu mwanzo.

Tiba, na kwa nini kwa mpangilio huu

Siku ya 12 vilisimamishwa vitu vitatu: dawa ya ukungu, mbolea ya aina yoyote, na maji ya kila jioni. Neti ya kivuli inayozuia mwanga kwa asilimia 30 hadi 50 ilitandazwa juu ya tuta kwa siku 6. Kivuli hakitibu chumvi, ila hupunguza kiu ya jani, na jani lenye kiu ndogo huvuta chumvi kidogo.

Majani yaliyokufa kabisa yaliondolewa. Yaliyobaki na kijani, hata nusu, yaliachwa. Watu huyakata kwa sababu yanaudhi macho, lakini mche uliopoteza nusu ya mizizi unajengwa upya na sukari ya majani hayohayo.

Ukiacha ule mche wa shimo la 3 ulioinuliwa kukaguliwa na kurudishwa, nyanya hazikung'olewa. Zilioshwa udongo palepale. Kanuni inayotumika ni kwamba maji ya kina cha sentimita 15 yakipita kwenye udongo huondoa takriban nusu ya chumvi, na ya sentimita 30 huondoa karibu asilimia 80. Kwa eneo la sentimita 30 kwa 30 kuzunguka shina, sentimita 15 ni lita 13.5. Zilimwagwa kwa keni yenye chujio, kwa awamu tatu za lita 4.5, dakika 30 kati ya awamu na awamu, ili maji yazame badala ya kutiririka. Baada ya hapo hapakumwagwa tone hadi sentimita 5 za juu zilipokauka, jambo lililochukua siku 4.

Hapa ndipo wengi hushangaa: maji yalikuwa sehemu ya tatizo, sasa yanakuwaje tiba? Nusu lita kila jioni hulowesha sentimita chache tu. Inayeyusha chumvi, haiishushi chini ya mizizi, na jua la kesho yake huirudisha juu. Ule ukoko mweupe uliokuwa juu ya mashimo ndio ushahidi. Wakati huohuo mizizi haipati siku ya kupumua. Lita 13.5 kwa mpigo husukuma chumvi chini, kisha ukavu huruhusu hewa kuingia. Lakini njia hii ni ya udongo unaopitisha maji peke yake. Kabla ya kuanza lilichimbwa shimo la kina cha sentimita 30 kando ya tuta, likajazwa maji, yakaisha, likajazwa tena, na kupimwa: maji yalishuka sentimita 6 kwa saa. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, usioshe. Ng'oa na upande upya.

Pilipili 6 zilizobaki hazikuwa na nguvu ya kungoja. Ziling'olewa jioni, bonge likachovywa kwenye ndoo ya maji ili samadi iachie, mizizi ya kahawia ikakatwa kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti. Mashimo yalichimbwa hadi sentimita 30, samadi yote ikatolewa, na kujazwa sehemu 4 za udongo safi kwa sehemu 1 ya mboji iliyoiva. Vitumba vya maua viliondolewa. Kila mche ulipewa lita 1 ya maji. Shimo la 4 liliinuliwa kwanza hadi usawa wa tuta.

Samadi iliyotolewa haikutupwa. Ilichanganywa na majani makavu, sehemu 1 ya samadi kwa sehemu 3 za majani kwa ujazo, ioze pole pole hadi isinuke amonia. Ikumbukwe pia kuwa samadi mbichi hubeba vimelea vya tumbo. Kipimo kinachotumika sana katika kilimo hai ni kuiweka angalau siku 90 kabla ya kuvuna mazao yasiyogusa udongo, na siku 120 kwa yanayogusa. Nyanya zinazotambaa chini zihesabiwe kundi la pili.

Kilichofuata

Kupona hakupimwi kwa majani yaliyoungua, kwa sababu ukingo uliokufa hautarudi kuwa kijani. Kila mche ulifungwa uzi mwekundu chini ya jani changa kuliko yote siku ya 12, na kilichoangaliwa ni majani yaliyo juu ya uzi.

Nyanya zilitoa jani safi la kwanza juu ya uzi siku ya 17. Kufikia siku ya 25 zote 8 zilikuwa na majani matatu au zaidi yasiyo na doa. Hazitahitaji mbolea hadi matunda ya kwanza yafunge. Naitrojeni iliyobaki chini yao ni nyingi, na kuongeza nyingine kutaleta majani mengi na maua machache. Pilipili zilichelewa, kama ilivyotarajiwa kwa mche uliokatwa mizizi: siku ya 25, 5 kati ya 6 zilikuwa na chipukizi dogo la kijani linalofunguka juu ya uzi. Ile ya shimo la 4, iliyoachia ganda la mizizi, ilikufa siku ya 19.

Maharage yalijibu siku ya 21. Kikopo cha kitalu na cha mboji viliotesha mbegu 4 kati ya 4. Kikopo cha samadi kiliotesha 1, na jani lake la kwanza lilinyooka vizuri ila lilikuwa na ukingo wa kahawia, uleule wa pilipili ya shimo la 5. Mashimo matatu yaliyobaki wazi yameachwa bila mche. Udongo wake utapandwa mbegu 4 nyingine za maharage kila baada ya wiki 3, na pilipili haitarudi pale hadi zote 4 ziote na kingo zake ziwe kijani.